Tuvuke Tukatembelee Ujiji

Watu wengi wa Fizi na Baraka wanaijua Kigoma. Lakini wanaijua namna gani? Mfanyabiashara anajua bandari, duka la jumla na bei ya sabuni. Yule aliyekimbia vita mwaka 1996 anajua mahema, foleni ya unga na barabara ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Wachache sana ndio waliovuka ziwa kwa kutembea tu: kuangalia, kuuliza, kula samaki bila haraka, kisha kurudi nyumbani na kitu cha kusimulia watoto.

Katika nchi nyingine watu wanapenda sana jambo hilo. Kule Thailand kuna mji wa kale unaoitwa Ayutthaya. Jeshi la Burma liliuharibu mwaka 1767. Leo wageni kutoka pande zote za dunia wanazunguka magofu yake kwa baiskeli na kulipa ili waonyeshwe ukuta uliovunjika. Sisi tuko na mji wa historia ng'ambo ya ziwa, na lugha yake ni lugha yetu. Mji huo ni Ujiji. Uko kilometa 8 hivi kutoka katikati ya Kigoma, na siku hizi Kigoma na Ujiji ni manispaa moja.

Mwezi huu tunaalika jamaa zetu, sana sana vijana, kutembea nasi kule. Yule asiye na nauli leo asome tu, siku itakuja.

NJIA YENYEWE NI YA KUANGALIA

Safari inaanza kufundisha kabla hujafika. Boti ikitoka Baraka inapita kwanza katika ghuba, halafu inazunguka rasi ya Banza, kule kwenye ncha ya Ubwari, ndipo inaingia ziwa wazi. Mpaka Kigoma ni zaidi ya kilometa 100 kwa maji. Kwenye ramani ghuba yetu inaitwa ghuba ya Burton. Huyu Burton alikuwa nani?

Richard Burton alikuwa Mwingereza. Yeye na mwenzake John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakiwa wamechoka na kuugua baada ya kutembea kwa miguu kutoka pwani ya bahari. Mwezi wa Aprili waliajiri wapiga makasia wa Ujiji, wakapanda mitumbwi na kwenda kaskazini. Walilala Ubwari, ambayo waliidhania kuwa kisiwa, na wakaendelea mpaka Uvira. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji wa Uvira waliwajibu: unaingia. Miaka 13 baadaye, mwishoni mwa 1871, Livingstone na Stanley nao walipanda mtumbwi kutoka Ujiji kwenda kuangalia jambo lilelile, wakakuta kweli mto unaingia. Kwa mvuvi wa Uvira hiyo haikuwa habari mpya!

Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi. Kina chake kinafika metre 1,470. Duniani kuna ziwa moja tu linalolipita kwa kina, ni Baikal kule Urusi. Nchi 4 zinakunywa maji yake: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Ni maji mazuri, lakini siyo ya kuchezea. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na mawimbi yanapanda haraka. Kwa hiyo sikia vizuri: usipande boti iliyojaa kupita kiasi, hata kama una haraka namna gani. Vaa jile ya kuokoa maisha, na mtoto avae ya kwake. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru.

Kabla ya kuondoka, pita kwenye biro ya DGM uulize karatasi zinazotakiwa wakati huo. Uliza pia habari za usalama wa njia. Beba karte ya chanjo ya homa ya manjano. Upande wa pili wataiomba. Badilisha pesa mahali panapojulikana, kwa maana Ujiji wanatumia shilingi, na franka zetu hazitakusaidia kununua hata ndizi.

CHINI YA MIEMBE

Kutoka Kigoma unapanda basi dogo au pikipiki, unapita Mwanga penye soko kubwa, kisha unashuka Ujiji. Usitazamie magorofa. Utaona nyumba za udongo na za matofali, misikiti, baraza ambapo wazee wanakaa, na miembe mikubwa. Mgeni mwenye haraka atasema: "Hapa hakuna kitu." Mgeni mwenye masikio atakaa siku nzima.

Kwanza nenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Wote wanaijua, utaonyeshwa. Kuna jiwe lenye maandishi mahali palipokuwa na mwembe wa zamani. Jiwe linataja tarehe 10 Novemba 1871, siku ambayo Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, alimkuta Daktari David Livingstone. Ulaya na Marekani walidhani Livingstone amekufa, kwa sababu barua zake zilikuwa hazifiki. Miembe iliyopo sasa inasemekana ni watoto wa mwembe ule wa kwanza. Kuna pia kumbukumbu ya Burton na Speke, na nyumba ya makumbusho yenye sanamu mbili kubwa kama watu: Stanley na Livingstone wanasalimiana, kofia mkononi.

Vijana wanapenda kupiga picha hapo. Ni vizuri. Lakini muulizeni mwongozaji maswali mengine mawili.

La kwanza: ni nani aliyekimbia kumwambia Livingstone kwamba mzungu anakuja? Alikuwa Susi, mtumishi wake. Susi huyo, pamoja na Chuma na wenzao, ndio waliobeba maiti ya Livingstone baada ya kufa kwake mwezi wa Mei 1873, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Waliikausha na kuibeba kwa miezi mingi mpaka pwani ya bahari, na mwaka 1874 ikazikwa London. Sanamu ni za watu wawili, lakini historia ile ilibebwa na mabega ya watu wengi.

La pili: Livingstone alikuwa ametoka wapi? Alikuwa ametoka upande wetu, Maniema. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko kule Nyangwe kando ya Lualaba, aliona wafanyabiashara wa watumwa wakipiga watu risasi sokoni, na wengi zaidi wakifa maji mtoni. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa, na moyo wake umevunjika. Habari alizoandika zilisaidia watu wa Ulaya kukasirikia biashara hiyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Hapo chini ya miembe, tueleze watoto wazi. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora, zaidi ya kilometa 1,200 kwa miguu. Kutoka Ujiji wafanyabiashara walivuka ziwa kuja kwetu kutafuta pembe za ndovu na watu. Kurudi kwao, pembe zilibebwa kichwani na begani, mzigo wa kilo 30 au zaidi kwa kila mtu. Wengine walibeba kwa mshahara, kama Wanyamwezi wengi. Wengine walitembea na mti au mnyororo shingoni. Kati ya hao walikuwa watu wa pwani yetu, mababu wa watu tunaoishi nao leo. Na kati ya walinunuzi na wasaidizi wao walikuwa pia mababu wa watu tunaoishi nao leo. Hakuna kabila wala dini inayoweza kurusha jiwe kwa mwingine bila kujigonga yenyewe.

Mwaka 2006 Tanzania iliweka njia hiyo ya watumwa na pembe, pamoja na Ujiji, katika orodha ya mahali inapopendekeza kwa UNESCO pahifadhiwe kama urithi wa dunia.

Wasomaji wetu watapenda kujua pia kwamba wamisionari wa kwanza wa ziwa walipitia hapo. Wale wa London Missionary Society walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Mapadri Weupe walifika Januari 1879. Kutoka hapo Mapadri hao walivuka, na mwaka 1883 wakaanza misioni ya Kibanga, upande wetu, karibu na Ubwari, ambapo walikomboa watumwa na kuwapa mahali pa kukaa. Miaka kumi hivi baadaye waliiacha sababu ya magonjwa.

TELEMKA UFUKONI

Ukitoka kwenye kumbukumbu, telemka kwa miguu mpaka majini. Mwongozaji atakuambia kwamba zamani maji yalikuwa karibu zaidi. Ni kweli. Mpaka mwaka 1878 hivi ziwa lilikuwa juu sana. Halafu maji yalivunja kizuizi kwenye mlango wa mto Lukuga, karibu na Kalemie, yakamwagika kuelekea Lualaba, na ziwa likashuka kwa metre nyingi. Ujiji ikabaki nyuma, kama mtu aliyeachwa na boti.

Jambo hilo linatuhusu. Tangu mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likaingia bandari ya Kigoma, likabomoa nyumba Uvira na Baraka. Wazee wetu walijua kwamba ziwa linapumua: linapanda, linashuka. Anayejenga ufukoni afikiri juu ya mjukuu wake.

Ufukoni hapo utaona kazi moja nzuri kuliko makumbusho: mafundi wa boti. Wanajenga boti za mbao kwa nyundo, msumeno, tezo na misumari, na macho yao ndiyo kipimo. Wanaziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie. Kaa nao saa moja. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na muulize fundi: mbao hii ni ya mti gani? Boti hii itachukua siku ngapi? Ulijifunza kwa nani? Mara nyingi fundi amejifunza kwa baba au mjomba wake. Kijana unayesoma shule ya ufundi, hapo ni darasa bila minerval.

STESHENI NA MELI YA ZAMANI

Siku ya pili baki Kigoma mjini. Stesheni ya treni ni jengo la wakati wa Wadachi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mapema mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1,200. Reli ilipochagua bandari ya Kigoma, kwa sababu ghuba yake ni ya kina, biashara ilihama, na Ujiji ikaanza kupungua nguvu. Siku moja mji ni mkubwa, siku nyingine njia imepita pengine.

Bandarini kuna historia ya meli Liemba. Hebu wasimulie watoto, watafurahi. Meli hiyo ilitengenezwa mwaka 1913 kule Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha 5,000 hivi, ikapita baharini mpaka Dar es Salaam, halafu kwa treni mpaka Kigoma. Iliungwa tena na kuingia majini Februari 1915, wakati wa vita. Wadachi walipoona wanashindwa, Julai 1916, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mashine mafuta mazito ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mashine ni nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mafundi wale walikuwa wanashindwa vita, lakini hawakukubali kazi yao nzuri ioze.

Wasomaji wetu wa Katanga nao wako ndani ya historia hiyo. Ili kupigana na Wadachi ziwani, Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Mwaka 1915 zilipanda treni kutoka Afrika ya Kusini, zikapita Elisabethville mpaka Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa milimani kwa ng'ombe na mashine za moshi, na watu wengi wakitengeneza njia mbele yao, mpaka zikafika mtoni na baadaye Kalemie. Leo Fungurume inajulikana kwa shaba na kobalti. Nani anakumbuka kwamba meli za vita zilipita pale?

Na Liemba inakumbukwa na watu wa Fizi kwa sababu nyingine. Mwaka 1997, vita ilipotulia, iliwarudisha nyumbani wakimbizi wengi wa Kongo. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Miaka ya karibuni imesimama kwa matengenezo makubwa, basi uliza bandarini kabla ya kupanga kusafiri nayo. Hata kuiangalia tu inatosha.

MAJINA MAWILI, SAMAKI MMOJA

Njaa ikiuma, nenda sokoni Mwanga, au kwenye ufuko wa Kibirizi, kaskazini ya mji, ambapo wavuvi wanashusha samaki asubuhi na wanawake wanaanika dagaa juani. Hapo utacheka. Wewe unaita ndagala, wao wanasema dagaa. Wewe unatafuta mikeke, mama anakuonyesha migebuka. Ni samaki yuleyule! Ukiomba bugari watakuletea ugali, na sombe ni kisamvu. Lugha imevuka ziwa na kubadilisha nguo tu. Hii nayo ni urithi wa misafara: Kiswahili kilitoka pwani ya bahari, kikapumzika Ujiji, kikavuka mpaka Maniema na kwetu.

Wazazi, watumeni watoto waagize chakula wenyewe. Ni mchezo mzuri, na watarudi nyumbani na maneno mapya.

KUOGELEA, NA KUANGALIA SOKWE

Kwa kuogelea, watu wanaenda upande wa Katonga, kusini ya bandari, ambapo kuna ufuko mzuri wenye mchanga na maji safi. Wenyewe wanalipisha kidogo mlangoni. Ogelea mahali wenyeji wanapoogelea, na mtoto asiende peke yake.

Jamaa iliyo na pesa ya kutosha inaweza kwenda Gombe, mbuga ndogo ya taifa, kilometa 16 hivi kaskazini ya Kigoma, inayofikiwa kwa boti. Tuseme wazi: kiingilio cha mgeni siyo kidogo, na boti nayo inalipwa. Uliza bei yote kabla ya kupanda. Gombe ndipo Jane Goodall, msichana Mwingereza wa miaka 26, alipofika mwezi wa Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka uleule aliona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa ndani ya kichuguu. Kabla ya hapo wataalamu walifikiri ni binadamu peke yake anayetengeneza vyombo. Goodall alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Fizi iko ndani ya habari ya Gombe pia. Mwezi wa Mei 1975, watu wenye silaha wa chama cha PRP cha Laurent Kabila, waliokuwa wakiishi katika milima ya Fizi, walivuka ziwa usiku na kuteka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya kazi Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, wazima. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 1965, Che Guevara wa Kuba alikuwa amevuka usiku kutoka Kigoma kuja Kibamba, pwani ya Fizi, kusaidia waasi. Alirudi Novemba mwaka huohuo bila ushindi. Miaka mingi boti za usiku zilibeba bunduki. Vijana wetu wanastahili boti za mchana zinazobeba wanafunzi.

Na usisahau: sokwe hawako Gombe tu. Wako pia katika misitu ya Itombwe na ya Ngandja, hapa kwetu. Watu wanalipa dola nyingi kuwaona kule. Sisi tukimaliza misitu kwa makaa na mashimo, tutakuwa tumeuza kitu tusichojua bei yake.

ADABU YA MGENI

Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi. Mama na binti wavae kitenge kirefu, kaka avae suruali ya heshima. Kijana akikutana na mzee aseme: "Shikamoo." Ataitikiwa: "Marahaba." Hapa kwetu tunazoea "Jambo, baba" peke yake, na kule hawatakasirika, lakini shikamoo inafungua mlango. Ijumaa mchana usilazimishe mtu akuonyeshe mji. Ngoja sala iishe. Wakati wa mfungo usile mbele ya watu njiani. Mwongozaji mlipe bila kubishana kupita kiasi, kwa sababu anaishi kwa kazi hiyo.

Neno moja kwa wale waliopita kule kama wakimbizi. Wengine hawapendi hata kutaja Kigoma, kwa sababu ya waliowazika njiani. Tunawaelewa. Lakini wengine waliorudi kutembea wanasema ni dawa: kufika bandari ileile na tiketi mkononi, kusalimia mama aliyekupa maji mwaka ule, kumlipa samaki kwa pesa yako. Na watoto waliozaliwa kambini wana haki ya kuonyeshwa kwamba Kigoma iko na kitu kingine zaidi ya kambi.

NINI KINABAKI?

Sasa, jamaa zetu wa Misisi, Lubichako, Kamituga na sehemu zote za machimbo, tunarudi chini ya miembe na swali moja.

Kwa miaka karibu 50 pembe za ndovu zilipita Ujiji. Zilikuwa dhahabu ya wakati ule. Kulikuwa na matajiri waliojulikana mpaka Zanzibar, kama Tippu Tip na Rumaliza. Kulikuwa na bunduki, madeni, nguo za fahari, wanawake walionyanyaswa, na vijana waliokufa mbali na mama zao. Pembe zilikwenda Ulaya, Marekani na India, zikawa vitasa vya piano, mipira ya biliadi na bangili. Ukitembea Ujiji leo, tafuta ziko wapi. Hata moja hutaiona barabarani.

Ni nini kilichobaki? Miembe, kwa sababu mtu alipanda mbegu au alitupa kokwa, na leo watoto wanakula. Ufundi wa boti, kwa sababu baba alimfundisha mwana. Lugha, kwa sababu ilitumiwa na wote, mwenye pembe na mbebaji. Na kaburi zisizo na majina kandokando ya njia.

Zahabu nayo inapita. Inatoka shimoni, inafika kwa mnunuzi, inavuka mpaka, na wewe unabaki na udongo kwenye nguo. Hatusemi mtu aache kazi yake. Mtoto anahitaji bugari na minerval. Tunasema hivi: kila shimo liache kitu kisichoweza kubebwa na mnunuzi. Mtoto mmoja aliyemaliza shule. Nyumba moja ya matofali. Miti kumi ya matunda pembeni ya kambi ya machimbo, hata kama wewe utahama kabla haijazaa. Ufundi mmoja mikononi mwa kijana, ili siku PDG wa shimo atakaposema zahabu imeisha, kijana asibaki kama Ujiji maji yaliporudi nyuma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, katika jamaa yetu kuna mzee anayejua habari za misafara, za Ubwari au za Kibanga? Nani atakwenda kumsikiliza na kuandika?

2. Tukipata nauli ya watu wanne, tungependa kuona nini kwanza: miembe, mafundi wa boti, meli au sokwe? Kwa nini?

3. Mgeni akifika Baraka au Fizi kesho, tutamwonyesha nini? Ni nani kati yetu anayeweza kumweleza vizuri?

4. Tangu jamaa yetu ianze kazi ya zahabu, ni kitu gani kimebaki ambacho hakuna mtu anayeweza kukiuza?